Simu ya mkopo inakataa programu ya kikoba, fundi anataka kuiflashi. Nifanyeje?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa Kibirizi, Kigoma, tupo wanawake 25 wengi tunauza dagaa na migebuka. Kijana wa jirani aliyemaliza chuo katutengenezea programu ya mahesabu, inasoma zile meseji za M-Pesa na mitandao mingine wanachama wakituma hisa alafu inaandika yenyewe nani kalipa nani bado. Haipo Play Store, katutumia faili la APK kwa WhatsApp. Kwenye simu ya katibu inakuja alama nyekundu inasema imezuiwa ili kulinda kifaa, kijana anasema azime Play Protect, ule ulinzi wa Google unaokagua programu kwenye simu. Kwangu haifiki hata hapo, inaandika msimamizi amezuia, na simu yangu ni ya mkopo wa kulipa kila siku imebaki kama miezi minne. Fundi mmoja wa Mwanga kasema niipeleke ataiflashi kwa elfu 30 itakuwa huru kabisa. Mume wangu anasema simu nimenunua kwa hela yangu kwanini wanipangie cha kuweka, dada yangu anasema APK zote ni virusi niachane nazo. Nani yuko sahihi? Mwezi ujao tunavunja kikoba na daftari limeshachanganyikana."*

Marahaba dada yangu, na poleni na daftari. Hapa kuna matatizo mawili yamekaa kama moja. Simu ya katibu imezuia kwa sababu moja, ya kwako imezuia kwa sababu nyingine kabisa, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Mumeo ana hoja ya msingi na dada yako ana hofu ya kweli, nitawafikia wote wawili, ila kwanza la haraka: kwa fundi usiende.

Simu za mkopo zinakuja na programu ya kampuni ya mkopo ambayo imepewa cheo cha msimamizi wa kifaa, ni teknolojia ileile ambayo maofisi wanatumia kudhibiti simu za wafanyakazi wao. Msimamizi huyo anaweza kufunga simu ukichelewa kulipa, anaweza kukuzuia usiirudishe simu kwenye hali ya kiwandani, na anaweza kukataa programu yoyote isiyotoka Play Store. Ndo maana kwako hata ile alama nyekundu haiji. Hakuna mtu aliyelikagua faili la kijana akaona ni baya, njia nzima imefungwa, maana humohumo mtu anaweza kupitisha programu za kutoa lock ya mkopo. Kwahiyo ujumbe unaouona kwako haukwambii chochote kuhusu uzuri au ubaya wa hiyo programu.

Sasa kuflashi. Fundi anafuta mfumo wote wa simu na kuweka mwingine kutoka kwenye kompyuta yake. Cha kwanza kinachoondoka ni kila kitu chako, meseji za hisa za mwaka mzima zikiwemo, na hizo ndo ushahidi pekee mlionao mkononi sa hivi kama daftari limechanganyikana. Cha pili, huo mfumo mpya ameutoa wapi? Simu ya Android ikiwaka inakagua kwanza kama mfumo uliomo ni ule uliosainiwa na kiwanda, na ili apitishe wa kwake mara nyingi lazima auzime huo ukaguzi, kuanzia hapo simu haina tena namna ya kujua kama kuna kitu kimepachikwa chini kabisa, sehemu ambayo hata ukifuta programu zote hakitoki. Programu nyingi za benki zikigundua simu iko hivyo zinagoma kufunguka. Na hata akifanikiwa, kampuni ina IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yako, kwenye mitambo yao, kwahiyo kwa simu nyingi ukiwasha data tu lock inarudi, na hapo ndo baadhi ya mafundi wanakwambia "basi tubadilishe IMEI", ambalo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Deni nalo linabaki palepale. Sisemi mafundi wa Mwanga ni watu wabaya, wengi wanafanya kazi nzuri sana ya vioo na mifumo ya chaji, ila hii kazi mtu akiiharibu anayebaki na hasara ni wewe na wanachama 24.

Mumeo anauliza kwanini wanipangie. Namuelewa, na kwa sehemu kubwa nipo upande wake. Mtu aliyenunua kifaa anatakiwa awe na neno la mwisho juu ya kifaa chake, naamini hivyo kabisa. Ila mkopo ni mkataba, mlikubaliana lock ikae mpaka umalize, na imebaki miezi minne. Pa kugombania ni baada ya hapo. Nenda sasa hivi dukani ulipochukulia simu, uliza, na ikiwezekana wakuandikie: siku nikilipa shilingi ya mwisho, huyo msimamizi anaondoka kabisa au mnaacha tu kunifungia kioo? Maana kuna simu ambazo deni limeisha na msimamizi bado kakaa ndani. Ukimaliza kulipa ingia kwenye setingi za usalama, tafuta sehemu ya wasimamizi wa kifaa, uone kama jina lao bado lipo. Kama lipo rudi na risiti zako, wakikuzungusha peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, wao ndo wanashughulika na haki za mlaji. Kufuli la deni liishe na deni, kwenye hilo usirudi nyuma.

Tuje kwa dada yako na hiyo APK. APK ni kifurushi tu, kila programu iliyomo kwenye simu yako ya Android, hadi zile ulizochukua Play Store, imefungashwa hivyo. Cha kuuliza ni nani kaifungasha na inaomba nini ikishaingia. Kila APK ina sahihi ya kidijitali ya aliyeitengeneza, na simu inaikumbuka: kesho akija mtu mwingine na toleo jipya feki la programu hiyohiyo, sahihi haifanani, simu inalikataa. Ni kinga nzuri sana na inafanya kazi hata bila intaneti. Lakini sahihi hiyo inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba aliyetengeneza toleo la leo ndo yuleyule wa jana. Huyo mtu ni nani, ana nia gani, haisemi. Mwizi naye anasaini vizuri tu.

Na kina dada yako wakiogopa, wana sababu. Kuna utapeli wa kadi ya harusi uliosumbua India na Malaysia, unatumiwa faili WhatsApp linaonekana ni kadi ya mwaliko kumbe ni APK, ukiibonyeza na kukubali kila kinachoulizwa meseji zako zinaanza kusomwa na mtu mwingine. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta virusi vinavyoitwa Triada ndani ya FMWhatsApp, moja ya hizi WhatsApp za kuongezewa mbwembwe ambazo watu wanarushiana kwa Xender kila siku. Ila pia asikudanganye mtu kwamba Play Store ni maji ya kunywa bila kuchemsha, Google wenyewe mwaka 2020 walisema wameshaondoa programu kama 1,700 za familia moja tu ya wezi wanaoitwa Bread au Joker, waliokuwa wanawaunganisha watu na huduma za kulipia bila wao kujua.

Sasa kwanini simu ya katibu imewaka nyekundu. Umeniambia mwenyewe bila kujua: programu inasoma meseji. Kuanzia Februari 2024 Google walijaribu Singapore kitu kipya ndani ya Play Protect, programu ikitoka WhatsApp, kwenye brauza au kwenye mafaili, na ikawa inaomba kusoma meseji, kusoma notifikesheni au kutumia huduma ya ufikivu, inazuiwa hapohapo. Baadaye wakaisambaza nchi nyingine nyingi, Kenya ikiwemo. Hawaangalii moyo wa kijana wenu, wanaangalia anachoomba, na anachoomba ndo kilekile wezi wanachoomba.

Nikueleze kwanini hivyo vitu vitatu vinaogopwa kiasi hicho. Ndani ya simu programu zinaishi kama wapangaji kwenye nyumba ya vyumba vingi, kila mmoja na chumba chake, hawezi kuingia kwa mwenzake, na ruhusa unazobonyeza ni kumpa mpangaji ufunguo wa chumba kingine. Kamera ni chumba, majina ya watu ni chumba. Meseji ni chumba kibaya zaidi kwasababu humo ndo zinakaa namba za siri za muda za benki, za WhatsApp, za barua pepe. Huduma ya ufikivu, ile iliyotengenezwa kuwasaidia wasioona, inaweza kusoma kila kinachoonekana kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako, huyo sasa umemkabidhi nyumba nzima. Ndo maana tangu Android 13 ya mwaka 2022 programu ya nje ya stoo haiwashiwi ufikivu kirahisi, kuna hatua ya ziada imefichwa kwenye setingi.

Niwe mkweli pia, meseji peke yake haimpi mtu hela zako za M-Pesa, anahitaji PIN, na PIN haiji kwa meseji. Lakini fikiria simu ya mweka hazina: kila muamala una jina la mwanachama, kiasi, na salio jipya. Mtu akiziona hizo anajua siku gani mna milioni ngapi na nani kalipa saa ngapi, alafu anampigia katibu anajifanya wewe, anataja muamala wa asubuhi kwa shilingi kamili, anasema ile hela itume kwenye namba hii. Hapo nani hataamini? Na hizo ni taarifa za wanawake 25, sio zako peke yako, tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Wanachama waulizwe kwanza kwenye kikao kama wanakubali.

Kwa katibu basi, asizime Play Protect. Ukiizima haizimi kwa programu ya kijana tu, inazima kwa kila kitu na watu wanasahau kuirudisha.

Je kijana aonekane mwizi? Hapana, na hapa ndo roho inaniuma. Vijana wa Kigoma wanaotengeneza kitu kwa shida ya majirani zao ndo hasa tunaowahitaji, hakuna kampuni ya California itakayokaa kufikiria kikoba cha wauza dagaa. Uhuru wa kuweka programu bila kupita kwa mkubwa yeyote umefanya mambo makubwa, F-Droid ipo tangu 2010, stoo ya programu huria ambayo yeyote anaweza kukagua zimeandikwaje. Na sasa njia hiyo inabanwa. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 kule Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, simu za Android zilizoidhinishwa na Google zitataka kila mtengenezaji awe amejisajili na kuthibitisha yeye ni nani, hata kama programu yake haipiti Play Store, alafu nchi nyingine zifuate kuanzia 2027. Watu wa F-Droid walipinga sana, na Novemba 2025 Google wakasema wataweka njia ya hatua kadhaa kwa anayejua anachofanya na akakubali hatari, pamoja na akaunti nyepesi kwa wanafunzi na wanaojifunza, ya kusambaza kwa simu chache.

Mimi naona hivi. Kumtaka mtu ajulikane kabla ya kusoma meseji za wenzake ni sawa. Kumtaka ajulikane na kampuni moja ya nje kwa kila programu, hata ya kuhesabu magunia, ni nguvu kubwa mno kuiweka mkono mmoja, maana leo wanazuia wezi, kesho serikali fulani inawaomba wamzuie mtu wasiyempenda. Hiyo njia ya pembeni lazima ibaki, tena iwe inapitika kweli na mtu wa kawaida aliyetulia. Wenye iPhone hawana hata huu mjadala, Ulaya Apple walilazimishwa na sheria kuruhusu stoo nyingine, Machi 2024, na Japani ikafuata Desemba 2025, sisi huku hatuguswi.

Ila upande wa pili nao una uzito na mfano uko hapahapa nyumbani. Mikopo ya mtandaoni. Mei 2023 Play Store iliweka sheria kwamba programu za mikopo zisiguse majina na picha za mkopaji, kwasababu walikuwa wakichelewa kulipwa wanawatumia ndugu zako wote meseji za aibu. Programu ya mkopo ikija kwa APK ya WhatsApp hiyo sheria haimkuti, inakomba majina yote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Nani kati yetu hajapigiwa simu kwamba shemeji yake anadaiwa?

Haya, mfanye nini mwezi huu. Mwambieni kijana atoe toleo lisiloomba meseji kabisa, mweka hazina anakopi meseji ya muamala na kuibandika, programu inasoma kile tu ulichobandika. Ni kazi ya sekunde chache kwa kila hisa, na inaondoa hatari kubwa yote. Tena ina faida nyingine, ile ya kusoma yenyewe inaweza kudanganywa na meseji feki ya "umepokea" iliyotumwa kutoka namba ya kawaida ya mtu, wewe ukikopi kwa mkono unaona imetoka M-PESA au imetoka 07 nanihii. Bora zaidi aitengeneze ifunguke kwenye brauza, anaweza kuifanya ikae kama ikoni kwenye kioo na ifanye kazi hata mtandao ukikata, na hiyo haihitaji ruhusa ya msimamizi wa mkopo wala Play Protect, simu yako hiihii itaifungua.

Akitaka kufika mbali aipeleke Play Store. Akaunti ni dola 25 mara moja, na kwa akaunti binafsi mpya wanataka watu 12 waijaribu kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuitoa kwa wote. Nyie mpo 25! Hapo kikoba kinamsaidia yeye na yeye anawasaidia nyie, japo kwa kuvunja mwezi ujao huenda msiwahi.

Kama mnang'ang'ania hii ya sasa yenye kusoma meseji, basi inunuliwe simu ndogo ya kikoba, isiyo ya mkopo, laini ya kupokelea hisa tu, haina WhatsApp ya mtu wala benki ya mtu, na ndani yake iwe hiyo programu peke yake. Faili mlipokee mkononi kwa kijana mwenyewe, sio lililozunguka kwenye grupu. Ikiwa imeshaingia fungueni orodha ya ruhusa zake mkiwa naye hapo: meseji sawa, tumekubaliana, lakini ikiomba majina ya watu, maikrofoni au ufikivu mwulizeni ya nini, na jibu likiwa la kuzungukazunguka futeni. Wengine wanatumia M-Koba, huduma ya vikoba iliyomo kwenye menyu ya M-Pesa, hiyo haihitaji kuinstoli kitu, liulizeni duka la Voda pale mjini kama masharti yake yanafaa kwenu.

Daftari nalo lisisubiri programu. Ombeni taarifa ya miamala kwenye mtandao wenu, kaeni wawili watatu mlinganishe mstari kwa mstari, hiyo ndo itawavunjishia kikoba salama.

Mwisho, kama katibu alishazima Play Protect na kuiweka, asiogope lakini asichelewe: aifute programu, aiwashe Play Protect na akague, abadilishe PIN akiwa kwenye simu nyingine. Kama kuna hela imetoka, au simu inafungua vitu yenyewe, au programu inakataa kufutika, hapo mambo ya kuandikiana hayatoshi. Azime data, aende duka la mtandao wake na kitambulisho cha NIDA siku hiyohiyo, benki kama anayo, alafu polisi achukue RB. Apige *106# aone kama kuna laini asizozijua zimesajiliwa kwa jina lake, na namba ya tapeli aitume 15040. Na kijana akishatoa toleo la kubandika meseji, nitumie picha ya ukurasa wa ruhusa zake nikuangalizie kabla hamjaiweka.